Bogenvilia haikatwi Desemba

Ikifika wiki ya pili ya Desemba, simu yangu haitulii. Shule zimefungwa, wageni wanatarajiwa kutoka Nairobi na kutoka ng'ambo, na kila mwenye nyumba hapa Nakuru anataka fensi yake inyolewe kabla ya Krismasi. Mimi hutunza bustani za watu: Milimani, Kiamunyi, Section 58, na mara nyingine nateremka hadi Lanet. Ndiyo riziki yangu, na Desemba ndio mwezi wenye pesa. Lakini nasema wazi na wateja wangu wamenizoea: bogenvilia siikati Desemba. Nitang'oa magugu, nitafagia, nitatoa vijiti vilivyokauka, nitapunguza zile fimbo ndefu zinazochoma watu langoni. Kichaka chenyewe nitakiacha kama kilivyo.

Sababu ni hii. Mvua ya vuli, ile ya Oktoba na Novemba, ndiyo iliyotoa matawi mapya unayoyaona Desemba yakining'inia ovyo. Mwenye nyumba anaona vurugu. Mimi naona maua ya Januari. Matawi hayo yanakomaa, udongo unaanza kukauka, jua linakuwa kali, na hapo ndipo rangi inapotoka. Ukiyakata sasa, umeyatupa maua ya miezi miwili ndani ya toroli. Na huwezi kusema yataota mengine, kwa kuwa mvua ya maana hairudi hadi mwishoni mwa Machi. Utakaa na ukuta wa vijiti kiangazi chote, huku ya jirani ikiwaka kutoka barabarani.

Nimeamua kuandika jambo hili kwa urefu kwa sababu ushauri mwingi wa kupogoa unaosambaa kwenye simu zetu umetoka kwa watu wa nchi zenye majira manne. Wanasema kata mwisho wa baridi, kabla ya joto kurudi. Kwao ni sawa kabisa. Kule mti hulala, majani huanguka, na kinachouamsha ni joto na siku zinazorefuka. Sisi tuko pale pale kwenye ikweta. Mstari wenyewe unapita Mogotio, mwendo mfupi ukitoka Nakuru kwenda Marigat. Siku ya Juni na siku ya Desemba kwetu ni karibu urefu mmoja. Mti wa Nakuru haungoji joto, unangoja maji. Saa yake ni mvua. Kwa bahati, miezi yao ya Februari na Machi inaangukia vizuri kwa baadhi ya mimea yetu, kwa hiyo mtu anaweza kuifuata na akafanikiwa mwaka mmoja. Lakini akishika mwezi bila kushika sababu, mwaka mvua itakapochelewa hadi Aprili atakuwa amekata mapema mno, na machipukizi yake yataungua kwa jua kabla hayajaonja tone.

Kabla ya kushika mkasi, jua kwanza ua hutokea wapi. Simama mbele ya kichaka chako kikiwa kimechanua, shika tawi moja lenye ua, ulifuate kwa kidole ukirudi nyuma hadi shinani. Kama ua limekaa kwenye tawi la kijani, laini, lililoota mvua hii hii, basi mti huo huchanua kwenye matawi mapya. Huo unaukata mvua ikikaribia. Kila tawi ulilofupisha litatoa mawili au matatu, na kila moja litakuwa na mahali pa kubeba ua. Kama ua limetoka kwenye tawi lenye gamba gumu la kahawia, tawi lililokuwapo tangu msimu uliopita, huo huchanua kwenye matawi ya zamani. Matumba yake yalipangwa mapema, hata kama huyaoni kwa macho. Huo unaukata maua yanapokauka tu, bila kungoja, ili upate muda wa kutengeneza matawi yatakayobeba maua yajayo. Ukiukata kabla ya kuchanua, umeuvua nguo uliyokwisha kushonewa.

Hilo ndilo la msingi, na kwangu mimi linazidi kalenda yoyote. Watu huniuliza, "Fundi, hii inakatwa mwezi gani?" Nami huwauliza, "Mara ya mwisho ilichanua lini, na maua yalikaa wapi?" Wengi hawajawahi kutazama. Wameishi na mti miaka mingi wakaona rangi tu.

Lipo jambo moja zaidi la kuelewa, nalo linaeleza kwa nini kukata kunaongeza badala ya kupunguza. Ncha ya tawi hutengeneza kemikali iitwayo oksini, ambayo huteremka ndani ya tawi na kuyazuia macho ya chini, yaani vile vijiuvimbe vidogo vya kutolea matawi, yasichipuke. Ndiyo maana tawi lisiloguswa hurefuka kwenda juu bila kujaza pembeni. Ukiondoa ncha, kizuizi kimeondoka. Macho yaliyo chini ya mkato yanaamka. Kwa hiyo unapokata unaamua mahali pa kuamsha. Mtu anayekata bila kutazama jicho liko wapi anaamsha popote, kisha analalamika kwamba kichaka kimekuwa msitu.

Turudi kwa bogenvilia, maana ndiyo ninayoipenda kuliko zote na ndiyo inayodhulumiwa kuliko zote. Asili yake ni Amerika Kusini. Mfaransa Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea aliyesafiri na meli za Louis Antoine de Bougainville, aliikuta Brazili mwaka 1767, na jina la nahodha likabaki kwenye mmea. Ile rangi tunayoisifu si petali. Ni majani yaliyogeuka rangi, matatu matatu, na ua lenyewe ni kile kijimrija cheupe kilichomo katikati. Ukitazama kwa makini utaona pia kwamba miiba na maua hutoka mahali pamoja, kwenye kwapa la jani, yaani pale jani linapokutana na tawi. Kichaka kilichoshiba maji na mbolea hutoa miiba mirefu na majani mapana. Kilichobanwa kidogo hutoa maua.

Kwa hiyo anayeitaka ichanue asiibembeleze. Nimewakuta watu wakimwagilia bogenvilia kila jioni na kuirushia mbolea ya CAN waliyoibakiza shambani, kisha wanashangaa kwamba imejaa majani matupu. Nitrojeni ni ya majani. Udongo wetu wa Nakuru, ule wa jivu la volkano ya Menengai unaopitisha maji haraka, unaifaa sana kwa sababu haukai na unyevu. Ikishashika mizizi, iache iwe na kiu kidogo.

Ratiba yangu ya bogenvilia ni rahisi. Mwishoni mwa Februari au mwanzo wa Machi, rangi ikianza kupauka na kuanguka, natazama anga na kusikiliza utabiri. Mawingu yakianza kukusanyika alasiri upande wa Menengai, naanza kazi. Kwanza natoa yaliyokufa na yaliyovunjika. Pili natoa yanayopita katikati ya kichaka yakisuguana na mengine. Tatu nachagua mifupa, yaani yale matawi makubwa machache yatakayobaki yakiwa umbo la mti, na kila tawi dogo linalotoka kwenye mifupa hiyo nalikata nikiacha macho mawili au matatu. Basi. Mvua ikishuka, kila jicho linatoa tawi, na matawi hayo yanachanua mvua ikikatika. Mwisho wa Septemba, kabla ya vuli, napita tena kwa mkono mwepesi, nafupisha ncha tu. Mwaka wenye mvua nyingi ya Agosti, maana Nakuru hunyeshewa Agosti pia tofauti na Nairobi, huenda nikaongeza mkato mdogo mwishoni mwa mwezi huo kwa sababu fimbo zinakuwa zimevuka ukuta na kuingia kwa jirani.

Vaa glavu za ngozi, zile za pamba hazizuii kitu. Miwani pia. Mwiba wa bogenvilia ukivunjikia kidoleni huweza kutunga usaha wiki nzima.

Sasa nizungumzie makasi makubwa ya fensi, yale ya mikono miwili, kwa kuwa ndiyo yanayowanyima watu maua bila wao kujua. Makasi hayo ni mazuri kwa kayaba na kwa saipresi, miti isiyopandwa kwa ajili ya maua. Lakini watu wanayachukua na kunyoa tekomaria, duranta na plambago kila baada ya wiki tatu hadi zimenyooka kama meza. Mimea hii mitatu hubeba maua kwenye ncha. Ukinyoa ncha kila mara, hakuna ua litakalofika. Mitaa mizima ya Nakuru ina duranta ya manjano ambayo haijawahi kuonyesha ua lake la samawati hata siku moja, na wenyewe wanadhani ni mmea wa majani tu.

Tekomaria inaniuma zaidi kwa ajili ya ndege aitwaye chozi. Ule mdomo wa chozi uliopinda umeumbwa kuingia kwenye ua la namna hiyo, refu, la rangi ya chungwa. Fensi ya tekomaria iliyoachwa ichanue hujaa ndege hao asubuhi, wanabishana, wanafukuzana. Iliyonyolewa haina hata mmoja. Ninachowashauri wateja ni kunyoa kwa nguvu mara moja, mwanzo wa Machi, kisha kuiacha hadi maua yaishe. Isiponyooka sana, si hoja. Kama mtu lazima awe na ukuta ulionyooka mwaka mzima, basi namwambia tupande kayaba, tusiitese tekomaria.

Plambago inavumilia karibu kila kitu. Ile ya samawati, yenye vikonyo vinavyonata kwenye nguo, unaweza kuikata nusu nzima kabla ya mvua na ikarudi imejaa.

Hibiskasi inahitaji subira. Ua lake moja huishi siku moja tu kwa kawaida, kwa hiyo kichaka kinachoonekana kimechanua mfululizo kwa kweli kinafanya kazi kubwa ya kutoa maua mapya kila asubuhi kwenye ncha changa. Ukiikata yote kwa siku moja, umeifunga kwa muda mrefu. Mimi hugawa: nakata theluthi ya matawi mwanzo wa Machi, nikichagua marefu zaidi, mvua ikishashika nakata theluthi nyingine, zilizobaki mwezi unaofuata. Hivyo daima kuna upande unaochanua. Wakati huo huo chunguza upande wa chini wa majani na kwenye maungio. Ukiona kitu cheupe kama pamba, hao ni vidung'ata. Tawi lililoshambuliwa sana likate ulichome, yaliyobaki uyaoshe kwa maji ya sabuni.

Mimea ya kundi la pili, la matawi ya zamani, si mingi katika bustani zetu lakini ndiyo inayokosewa. Haidrenja, ile ya vichwa vikubwa vya mviringo, hupangia matumba yake kwenye matawi yaliyokomaa. Maua yakigeuka rangi na kukauka, teremka kutoka kwenye ua hadi kwenye jozi ya kwanza ya macho yaliyonona, kata juu yake kidogo, uishie hapo. Anayeikata yote chini ili "ianze upya" atapata majani mazuri na hakuna kichwa hata kimoja msimu huo. Jana-leo-kesho, inayofunguka zambarau, kesho yake ikafifia na mwishowe ikawa nyeupe, nayo naikata maua yanapokwisha tu, kwa kiasi kidogo, kwa sababu hukua polepole. Gadenia vivyo hivyo.

Botobrashi ina tabia yake. Ukitazama ile brashi nyekundu utaona tawi linaendelea kukua kupita kwenye ua na kutoa majani mbele yake. Kata nyuma kidogo ya brashi iliyokwisha, mahali penye majani. Usiteremke hadi kwenye mti mtupu wenye gamba nene usio na jani, mara nyingi hapo hapachipuki tena. Nimeitwa kuangalia botobrashi zilizokatwa vichwa na fundi mwingine zikabaki nguzo, na hakukuwa na la kufanya ila kung'oa.

Waridi nimelifunza mahali pengine. Kabla ya kazi hii nilifanya kazi kwenye grinihausi za Naivasha, na pale mkono hufundishwa haraka kwa sababu kila shina ni pesa. Unatafuta jani lenye vijani vitano, si lile la vitatu lililo karibu na ua. Kwenye kwapa la jani hilo kuna jicho lenye nguvu. Unakata juu yake, kiasi cha upana wa nusu ya ukucha, mkato ukiinama kutoka upande wa jicho ili maji yasitulie juu yake. Na jicho lenyewe liwe linatazama nje ya kichaka, maana tawi litaelekea lilikotazama jicho. Ukichagua macho yanayotazama ndani, utajaza katikati; hewa haitapita, na mvua ya Aprili itakuletea madoa meusi kwenye majani hadi yaanguke yote.

Lingine la Naivasha ni kuhesabu kurudi nyuma. Maua ya tarehe 14 Februari hayajitokezi yenyewe. Mashamba yanajua kwamba kutoka mkato hadi ua ni wiki kadhaa, kutegemea aina na baridi, na yanakata Desemba kwa hesabu hiyo. Nakuru na Naivasha ziko karibu kimo kimoja, zote zikikaribia mita 1,900, kwa hiyo hesabu inasaidia hata bustanini kwako, ingawa nje usiku ni baridi kuliko ndani ya plastiki. Mimi huhesabu wiki saba hadi nane. Mtu akiniambia ana harusi ya binti yake nyumbani mwezi wa nane katikati, nakata waridi zake kabla ya Juni kwisha. Akitaka ziwepo Krismasi, nakata mwisho wa Oktoba. Waridi linakubali kupangiwa tarehe, bogenvilia haikubali.

Jihadhari na matawi yanayoota chini ya kiungo. Waridi nyingi zimeunganishwa juu ya shina la aina nyingine yenye mizizi imara, na shina hilo wakati mwingine hutoa matawi yake lenyewe. Utayajua kwa majani madogo ya rangi tofauti na mwendo wa haraka sana. Fukua udongo kidogo, ufuate tawi hadi linapotokea, ulichane kwa mkono kwenda chini liondoke na kitako chake. Ukilikata kwa mkasi juu ya ardhi, litarudi likiwa mengi, na mwishowe litaua waridi ulilonunua.

Kuhusu mkasi: nunua ule ambao blade moja inapita pembeni ya nyingine. Ule ambao blade inagonga kwenye kipande bapa husaga tawi bichi badala ya kulikata. Tawi nene kuliko kidole gumba usililazimishe kwa mkasi, tumia msumeno mdogo. Panga liache shambani. Panga linapasua, na mahali palipopasuka maji na ukungu huingia. Kati ya kichaka kimoja na kingine napangusa mkasi kwa spiriti, hasa kwenye waridi. Jik nayo inaua vijidudu lakini inakula chuma, kwa hiyo ukiitumia suuza, kausha, kisha paka mafuta.

Unapoondoa tawi zima, usilikate likiwa sawa na shina wala usiache kisiki kirefu. Pale tawi linapoungana na shina kuna uvimbe mdogo wa mviringo. Kata nje tu ya uvimbe huo. Ndani yake ndimo mti unamojengea kuta za kuzuia uozo usiingie. Mmarekani Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya nchi yake, alipasua miti mingi kwa msumeno wa injini ili aone yaliyomo, na kufikia miaka ya 1970 alikuwa ameonyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama ngozi ya mtu inavyopona. Huzungushia sehemu iliyoharibika kuta, kisha huota mbao mpya kuifunika. Ukikata uvimbe ule, umeuondolea mti kinga yake. Na ndiyo sababu sipaki rangi ya mafuta wala matope wala grisi kwenye mkato, hata mwenye nyumba akiniletea mkebe. Mkato safi ulio mahali pake unatosha.

Shosho mmoja wa Bahati aliniita kwa ajili ya hibiskasi ya zamani iliyokuwa imefunika dirisha la jikoni. Chini ilikuwa miti mitupu minene, majani yote yako juu ya paa, na maua wanayaona majirani tu.

"Mwanangu," aliniambia, "usiniulie huu mti. Mzee ndiye aliyeupanda tulipohamia hapa."

"Siuui, shosho. Ila leo nitatoa kidogo, mwaka ujao kidogo, na mwaka wa tatu nimalizie."

"Mbona usimalize leo? Si nguvu unazo?"

"Nikimaliza leo, utabaki bila jani la kupikia chakula chake. Majani ndiyo jikoni kwake."

Alilikubali hilo. Tuliondoa theluthi ya mashina mazee kabisa, kutoka chini, mwanzo wa Machi. Mwanga uliingia katikati, na mvua ilipokuja machipukizi mekundu yakatoka kwenye mashina yaliyobaki, karibu na ardhi, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mwaka uliofuata tukaondoa theluthi ya pili. Sasa maua yanachungulia dirishani, na shosho hukaa pale akichambua mboga. Njia hii ya miaka mitatu naitumia kwa kichaka chochote kilichozeeka, na sikubali kuiharakisha hata nikilipwa zaidi. Theluthi moja kwa mkupuo ndiyo mpaka wangu.

Vijiti vinavyotoka si takataka vyote. Vya bogenvilia, hibiskasi na plambago, vile vilivyokomaa lakini havijawa vigumu sana, vinaota. Chukua urefu wa penseli ndefu, vifundo vitatu au vinne, ondoa majani ya chini, chomeka vifundo viwili ndani ya mchanga uliochanganywa na mboji, uweke kivulini na unyevu usikatike. Bogenvilia huchelewa kutoa mizizi na wakati mwingine hutoa majani ikakudanganya, kwa hiyo usiivute kuijaribu.

Tazama kabla hujakata. Mvua ikianza, shore hujenga kwenye fensi nene, na nikikuta kiota chenye mayai naruka sehemu hiyo hadi makinda yaondoke. Mwenye nyumba anaelewa ukimwonyesha. Kinyonga naye hupenda bogenvilia kwa ajili ya nzi na vipepeo. Wengi wanamwogopa na wasaidizi wengine hutaka kumwua. Hana sumu wala hana ubaya. Mpe kijiti apande, umhamishie kichaka cha pili.

Wasomaji wa Kisumu, kwenu joto ni la mwaka mzima na bogenvilia haipumziki, kwa hiyo mtakata mara nyingi zaidi na kwa wepesi zaidi, kila wimbi la maua likiisha. Kakamega mvua hazikatiki kwa muda mrefu. Tafuteni ule upenyo wa kiangazi cha Desemba hadi Februari muone maua, na mkato mkubwa uje baada yake. Molo na sehemu za juu kuna sakitu usiku wa kiangazi, na chipukizi changa haliwezi kuvumilia barafu. Huko ngojeni mvua ianze kweli kweli ndipo mkate.

Mwisho ni sumu, na hapa naomba msomaji asikimbie. Oleanda, ile ya waridi na nyeupe inayopandwa sana kando ya barabara, ina sumu kuanzia jani hadi shina. Tarumbeta la malaika nalo lina sumu, jana-leo-kesho ni hatari kwa mbwa, matunda ya manjano ya duranta si ya mtoto, na lantana huwadhuru ng'ombe. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaweza kupofusha. Osha kwa maji mengi na uende hospitali hapo hapo. Vipande vya oleanda sivichomi, kwa kuwa moshi wake nao unadhuru. Sivitupi kwenye rundo la kando ya barabara ambako mbuzi hupita, na sivichanganyi na majani ya kulisha sungura. Navikusanya peke yake kwenye gunia nikihesabu hadi kijiti cha mwisho, navizika kwenye shimo refu, na kama jirani ana ng'ombe, naenda kumbishia hodi kabla sijaanza kukata.